Ukweli Una Tarehe Yake

Kwa miaka mingi, aliyeuliza almasi zinapatikana wapi katika gemu ya Minecraft alipewa jibu moja: shuka hadi ngazi ya 11, kisha chimba kwenda mbele. Jibu hilo lilikuwa sahihi, tena lilikuwa na sababu. Almasi zilikuwa chini ya ngazi ya 16, na mapango ya kuanzia ngazi ya 10 kwenda chini yalijaa lava. Aliyechimba ngazi ya 11 alizipata bila kutumbukia motoni.

Tarehe 30 Novemba 2021 likatoka toleo la 1.18. Sakafu ya dunia ya gemu ikashuka kutoka 0 hadi -64, na almasi zikawa zinaongezeka kadiri mtu anavyozama. Leo wachimbaji hulenga karibu na ngazi ya -59. Anayeshikilia ushauri wa zamani bado ataokota almasi mojamoja, lakini atatoka jasho kwa kidogo.

Mimi huandika mwongozo wa gemu hii kwa mapenzi tu. Mojang, watengenezaji wake, hawakunituma wala hawanilipi. Kazi hii imenifunza kwamba ushauri unaweza kuchakaa bila aliyeutoa kuwa mwongo. Wazee waliotuambia soma upate kazi serikalini walisema kweli ya wakati wao. Haifai kuwabeza, na haifai pia kuwarithisha watoto wetu maneno yao bila kuyapima upya.

Ndiyo maana kila ukurasa ninaoandika huwa na namba ya toleo na tarehe niliyohakiki. Maelezo ya ngazi ya 11 sijayafuta. Nimeyawekea alama kwamba ni ya kabla ya 1.18, kwa kuwa wapo ambao bado wanacheza matoleo hayo. Kwao hayo ndiyo sahihi.

Nimejifunza pia kumjua ninayemwandikia. Kwenye kompyuta, anayecheza gemu hii ya aina ya Java huinua ngao kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kwenye simu, ambako huchezwa aina ya Bedrock, ngao huinuka mchezaji akichuchumaa. Ukimpa mwenye simu maelezo ya Java, atahangaika kutafuta kitufe asichokuwa nacho huku mishale ikimmiminikia. Maelezo ni ya kweli kabisa, ila hayamfai yeye. Wangapi tumewapa wenzetu ushauri wa maisha wa namna hiyo, mzuri kwa hali zetu na mzito kwa hali zao?

Sasisho linapotoka, nasoma orodha ya mabadiliko, halafu nafungua gemu na kujaribu jambo moja baada ya jingine kabla ya kugusa mwongozo. Hakuna msimamizi anayenikagua. Lakini kuna mtoto mahali fulani atakayeamini nilichoandika na kutumia saa zake za mapumziko akikifuata. Anayekuamini bila kukujua anakudai uangalifu kuliko bosi yeyote, na deni hilo halilipwi mara moja likaisha. Hulipwa upya kila mambo yanapobadilika.