Unga Mweusi

Oksidi ya lanthani hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa haikauki. Ukiipima, mizani inakusomea oksidi pamoja na maji, na hesabu nzima ya mchanganyiko inakwenda upande. Mwaka aliofariki baba, nikiwa katikati ya shahada ya uzamili ya fizikia, huo ulikuwa mtihani wangu wa mchana. Wa usiku ulikuwa karo.

Nilikuwa natengeneza perovskiti ya lanthani, stronti na manganizi, jamii ya oksidi ambazo Jonker na van Santen walizieleza huko Uholanzi mwaka 1950. Elektroni ina chaji, na ina spini pia, usumaku wake mdogo unaoelekea juu au chini. Spintroniki, fani inayozitafuta oksidi kama hizi, inataka kuitumia spini hiyo, ili kumbukumbu ya kompyuta isifutike umeme unapokatika. Sisi wa Likoni hatuhitaji kuelezwa mara mbili faida yake.

Njia ya kawaida ni kusaga oksidi katika kinu cha akiki, kisha kuzichoma saa nyingi kwa nyuzi 1,200 hivi. Umeme ulikatika katikati ya uchomaji, tena na tena, na sampuli zikatoka hazijaungana. Mwishowe waya wa tanuri nao ukakatika, na pesa za kununua mwingine hakuna. Nililia, sioni haya kulisema. Mama akaniambia, "Mwanangu, baba yako alikuachia kusoma. Maliza." Karo iliyobaki aliilipa yeye, kwa mahamri na mbaazi alizouza kando ya njia ya feri. Alhamdulillahi kwa mama yule.

Fundi mzee wa Changamwe alisuka waya upya, akakataa malipo. Nami nikabadilisha njia. Oksidi ya lanthani niliichoma kwanza ikauke, nikaipima mara tu ilipopoa. Nikaigeuza nitrati pamoja na wenzake, stronti na manganizi, nikatia asidi ya sitriki, ile iliyomo ndani ya ndimu, nikapasha polepole mpaka ikawa nzito kama uji, ikawaka yenyewe, yakabaki majivu. Kwa kuwa chembe zimeshachanganyika tangu majini, nyuzi 800 na saa chache zilitosha. Saa hizo nilizipata usiku wa manane, umeme ukiwa umetulia.

Nikasogeza sumaku ya spika mbovu, na unga mweusi ukaruka! Malighafi nilizoanza nazo hazivutwi hivyo. Oksidi hii, stronti ikiwa sehemu tatu kwa kumi, hupoteza usumaku karibu na nyuzi 97. Basi nikautia unga katika kichupa, nikakizamisha ndani ya maji yanayochemka: mvuto ukafifia. Unga ulipopoa, mvuto ukarudi. Majibu ya eksirei yalipofika kutoka Nairobi, yalionyesha perovskiti safi.

Nilihitimu. Ukibadilisha kiasi cha stronti, joto lile la kupoteza usumaku nalo hubadilika, na sehemu hiyo sasa anaifanyia kazi binti mmoja wa Kisauni, kwa tanuri lile lile.