Siku Niliyoachana na Kishoka

Kwa miaka mingi kodi ya pango la ardhi sikuilipa kwa mkono wangu. Nilimpa kishoka. Karibu kila mwenye kiwanja mtaani kwetu alikuwa na wake, kijana anayeshinda nje ya ofisi na bahasha ya kaki kwapani, anayejua nani yuko zamu na nani kasafiri. Ukienda mwenyewe unaambiwa faili halionekani, njoo kesho. Akiingia yeye, faili linaonekana.

Mwaka mmoja risiti aliyoniletea ikakataliwa. Karani aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akasema malipo hayo hayamo kwenye kumbukumbu zao. Nikalipa upya, na adhabu ya kuchelewa juu. Baada ya hapo, kila redio ilipohimiza huduma za serikali kwa mtandao, moyo wangu haukusogea. Mtu ninayemjua kwa sura kanidhulumu, simu nitaiamini vipi?

Aliyenivusha ni binti wa mdogo wangu. Alipiga *152*00# kwenye kiswaswadu changu, bila bando wala simu janja, tukafuata menyu ya ardhi, tukaingiza taarifa za kiwanja. Ikaja kontrol namba, tarakimu 12, mbele ina 99. Tulipofika kwenye kulipa nikaanza kumtajia namba yangu ya siri. Akanirudishia simu mkononi.

"Hapana, mama mkubwa. Hiyo usimtajie mtu, hata mimi. Bonyeza mwenyewe."

Nikabonyeza. Ujumbe wa malipo ukaingia hapo hapo, na nilipokwenda ofisini kuhakikisha, karani aliyaona kwenye kompyuta yake kabla sijamwonyesha simu.

Mfumo huo wa malipo ya serikali, GePG, ulianza 2017. Kila bili ina namba yake, na fedha inakwenda kwenye akaunti ya serikali bila kupita mfukoni mwa mtu. Hicho ndicho kilichonigeuza. Matangazo husifu urahisi na haraka, lakini foleni nilikwisha kuizoea. Nilichokuwa nakitafuta ni uhakika kwamba nilichotoa kimefika, na kwamba jirani mwenye kiwanja kama changu anadaiwa kama mimi.

Sasa wajane wenzangu wananijia na simu zao, nami nawaelekeza nilivyoelekezwa: kila mtu anabonyeza mwenyewe. Wengi wanafurahi. Wanaokata tamaa ni wale wanaoanzia kwenye simu, halafu wanatakiwa kupeleka nakala dirishani. Nje ya dirisha wanamkuta kishoka yule yule, na bahasha yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa moyo wangu wote. Huduma iliyoanzia kwenye simu imalizikie kwenye simu. Na kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na mtu wa kukaa na mzee, amwelekeze bila kumshikia simu, na bila kumdai chochote.