Mikono ya gauni na "let out"

Niliwahi kuharibu gauni la nikah kwa maneno mawili ya Kiingereza.

Bibi harusi alikuwa Korogwe, mimi na cherehani yangu Handeni. Dada yake aliyeko Uingereza akanitumia ujumbe: kiuno "take in", mikono "let out". Kiuno hakikunisumbua, najua bibi harusi hukonda, nikabana. Kwenye mikono nikakumbuka Kiingereza cha shule, out ni nje. Basi nikaitoa! Nikaifumua yote miwili, nikapinda makwapa, nikapiga pasi, nikapanda gari na mzigo wangu.

Mama yake alipolifunua alishika kichwa. "Mwanangu akaolewe mabega wazi?"

Kumbe "let out" ni kuachia mshono, nguo ipanuke kwa kitambaa kilichobaki ndani. Kuondoa kabisa ni "take off". Bahati mikono sikuitupa. Niliirudisha usiku huohuo, sebuleni kwao, kwa cherehani ya jirani.

Sisi kitenzi tunakigeuza mkia: funga, fungua, fungia. Wao wanakitundikia kineno nyuma, maana inahama. "Let out" ni kupanua nguo, pia kupangisha nyumba, hata kutoa siri. "Take in" ni kubana nguo, kumpokea mgeni kwako, kuelewa jambo. Na ukiwa "taken in", mwenzangu, umeshatapeliwa.

Siku hizi mteja namwomba anipigie, aniambie kwa Kiswahili: nibane wapi, niachie wapi. Yule bibi harusi, Allah ambariki, alinilipa yote. Nauli niliikataa.