Saksafoni Chini ya Mwembe

Mzazi naye hufunzwa na mwanawe. Nilikulia Tabora, karibu na miembe ya njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Ujana wangu niliucheza kwa Tabora Jazz ya Shem Ibrahim Karenga, aliyefariki mwaka 2014. Hata hivyo, mwanangu aliponijia na saksafoni ya alto ya kuazima, nilimwambia kuwa muziki ni uhuni.

Hakubishana. Kila jioni alikwenda mwembeni, akapuliza peke yake. Siku moja nilimfuata ili nimkemee. Nikamkuta akirudia sauti ile ile mara nyingi, kama fundi apigaye randa ubao mpaka ulainike. Nikatambua kwamba uhuni hauna subira ya namna hiyo.

Tangu enzi za NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, saksafoni ya dansi letu hungoja mwimbaji amalize kusema, ndipo ijibu. Katika vijana wapulizao alto leo, nampenda yule ajuaye kungoja.

Mwanangu ameningoja vya kutosha. Bado sijamtaka radhi. Nayaandika haya ayasome Jumapili hii, kabla hajaenda mazoezini.