Kutoka Upagazi hadi Wenela: Kazi Zilizopita na Asili ya Majina Yake

Upagazi ni miongoni mwa kazi kongwe za ujira katika vilima vya Rungwe, Masukulu ikiwemo. Jina lake limetokana na kitenzi kupagaa, yaani kubeba begani. Kabla ya barabara za magari, shehena zilizotoka Ziwa Nyasa kwenda boma la Wajerumani la Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, zilipandishwa mlimani na watu. Mzigo wa mpagazi wa msafara ulifika kilo 30 hivi. Msimamizi wake aliitwa mnyapara, jina lililoenezwa na Wanyamwezi, mabingwa wa misafara ya bara na pwani. Misafara ilikwisha, lakini wanyapara wangali wakisikika kwenye vibarua na magerezani.

Vita Kuu ya Kwanza iliugeuza upagazi kuwa kazi ya shuruti. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliingia Tukuyu yakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wabeba mizigo wake waliitwa tengatenga, kutokana na kutenga, neno la Kinyanja lenye maana ya kuchukua. Katika vita ile, njaa, kuhara na homa ya mapafu viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Wenzao wa kikosi cha Carrier Corps wameacha jina Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Baada ya vita, mzigo ulizipisha sururu na koleo. Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na vijana wa Kinyakyusa walikwenda huko kutafuta fedha za kodi na za ng'ombe wa mahari. Wengine walivuka mipaka hadi migodi ya Afrika Kusini. Wakala aliyewaandikisha alikuwa Witwatersrand Native Labour Association, na kifupi chake, WNLA, kikatamkwa Wenela. Jina la mwajiri likawa jina la safari na la kazi yenyewe: kijana alisemwa "amekwenda Wenela". Baada ya Uhuru wa 1961, serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo kwa kupinga ubaguzi wa rangi.

Wakati wa safari hizo za Wenela, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na manamba, waliotoka hasa kwa Wabena, Wangoni na Waha. Kila mmoja alipewa namba, na namba hiyo ikachukua nafasi ya jina lake. Mkononi alikuwa na kipande, kadi yenye visanduku 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama. Asiyemaliza hakuhesabiwa siku. Mshahara ulilipwa visanduku vyote vilipojaa.

Leo ndizi za Rungwe husafirishwa kwa malori na bodaboda, kazi ambayo nayo ina jina lenye historia: ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, abiria walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli. Asili hiyo inajulikana kwa sababu walioishuhudia wangali hai. Waliokwenda Wenela wamebaki wachache na ni wazee sana. Shule na familia za Masukulu ziwahoji na kuandika habari zao sasa, pamoja na majina waliyoitwa kazini.