Jua la Saa Tano Usiku: Ziara ya Marafiki Hardanger



Miongoni mwa mambo yanayodumisha mapenzi baina ya waja ni kuzuriana. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huichukulia methali hii kuwa ni ya vyungu na sinia: akija mgeni, hupikwa kizuri, na wa nyumbani nao wakafaidi. Mwezi wa Julai tulipokwenda Norwe, mimi na mume wangu na wanetu wawili, kumzuru shoga yangu wa tangu chuoni, niliona kwamba yako maradhi mengine ambayo mgeni huyaponya.

Pwani ya magharibi ya Norwe imechanwachanwa na fiordi, nazo ni ndimi nyembamba za bahari zinazoingia bara katikati ya milima. Zamani za kale mito ya barafu ilichimba mabonde hayo, na barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia. Fiordi ya Hardanger ina urefu wa kilomita 179, na kina chake mahali pengine hupita mita 800. Ukiyatazama maji yake yaliyotulia utadhani ni ziwa, lakini uyaonjapo ni ya chumvi, kama haya yetu.

Lango la kuingilia huko ni mji wa Bergen. Ufukweni pana safu ya nyumba za mbao ziitwazo Bryggen, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani walikaa karne nyingi wakinunua samaki waliokaushwa kutoka kaskazini. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, kama ilivyouingiza Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mtu wa pwani hawi mgeni sana katika mji uliojengwa kwa jahazi na ng'onda.

Kutoka Bergen tulikwenda kwa gari takriban saa tatu. Karibu na Norheimsund tulisimama kwenye maporomoko ya Steinsdalsfossen, ambapo njia ya miguu hupita nyuma ya maji yenyewe, na watoto walipita mara tatu. Kisha tukavuka Daraja la Hardanger, lililofunguliwa mwaka 2013. Linaning'inia mita 1,310 baina ya minara yake miwili, na kila upande barabara huingia ndani ya jabali, na humo ndani ya handaki mna mzunguko wa barabara wenye taa. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa feri, na sisi tuliozoea kungoja Likoni tuliielewa neema hiyo bila ya kuelezwa.

Wenyeji wetu wanakaa Lofthus, kijiji cha miti ya matunda. Inasimuliwa kuwa watawa wa Kikristo ndio waliofundisha kilimo hicho hapo katika karne ya 13. Juu ya mlima wa ng'ambo kuna Folgefonna, barafu isiyokwisha hata wakati wa kiangazi, na chini yake cheri zimeiva. Kando ya njia tulikuta meza zenye vikapu vya cheri, bei imeandikwa, na kijisanduku cha fedha, muuzaji hayupo. Mwanangu mdogo aliuliza, "Mama, nani anatuangalia?" Baba yake akamjibu, "Anayetuangalia kila siku." Somo la amana nililokuwa nikilirudia nyumbani kwa miaka lilimwingia pale kwa neno moja.

Jambo lililotushangaza zaidi ni jua. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua: saa kumi na mbili linachomoza, saa kumi na mbili linatua, mwaka mzima hapana tofauti kubwa. Hardanger mwezi wa Julai jua hutua kiasi cha saa tano usiku na kuchomoza baada ya saa kumi alfajiri, na baina yake giza halikamiliki. Adhuhuri huingia karibu na saa nane mchana, na Magharibi watoto wamekwisha kusinzia. Wekundu wa mbingu hauondoki sawasawa, basi alama ya kuingia Isha haionekani. Wanazuoni wamelizungumza suala hili. Wako wanaokadiria wakati, na wako wanaoruhusu Magharibi na Isha kukusanywa katika miezi hiyo ili kuondoa uzito. Asili ya kukadiria imo katika hadithi ya Dajjal iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya siku itakayokuwa kama mwaka. Wenyeji wetu wanaifuata ratiba ya msikiti wao. Adhana haisikiki katika milima ile, kwa hiyo binti yao wa miaka tisa ndiye anayepita vyumbani kuwaamsha watu.

Usiku mmoja mweupe, tumekaa kibarazani tukitoa kokwa za cheri, shoga yangu alinieleza majira yake ya kwanza ya baridi huko. Desemba jua hukaa juu ya upeo kwa muda usiofika saa sita, na milima hulificha hata hizo. Hakuna aliyebisha hodi mlangoni mwake. Ilipofika Idi alimpelekea jirani yake, bibi mmoja mjane, sahani ya mahamri. Sahani ilirudi siku ya pili, imeoshwa ikang'aa, tupu. Kwetu sisi sahani ya jirani hairudi tupu. Akakaa jikoni akalia, akiamini kwamba hatakiwi.

Miti ilipochanua, bibi yule alimfafanulia walipokutana njiani kwamba kwao kubisha hodi bila ya kuitwa ni kumsumbua mtu. Majira mazima naye alikuwa akingoja kukaribishwa. Shoga yangu naye akampa habari ya sahani. Tangu siku hiyo haijarudi tupu: mara jemu ya plamu, mara matufaha, mara cheri.

Siku ya tatu bibi huyo alikuja, akavua viatu mlangoni kama ilivyo desturi yao na yetu, akala nasi vibua wa bahari ya baridi waliopakwa tui la kopo na bizari tuliyoichukua Mombasa. Tulicheka sana juu ya mambo ya chuoni, yeye akicheka bila ya kufahamu neno. Mwenye nyumba akaniambia, "Shemeji, kicheko hiki hatujakisikia humu ndani tangu baridi ilipoanza." Nikaifahamu methali kwa maana yake nyingine. Mwenyeji alikuwa akipona upweke.

Tulisali Magharibi kwa jamaa, tukielekea kusini-mashariki. Mombasa tunaelekea kaskazini. Makka iko baina yetu na wao, kwa hiyo kila tunaposimama katika sala, sisi huku na wao kule, nyuso zetu huelekea nyumba moja.

Akina mama wenzangu, wengi wetu tuna dada, binti au shoga aliyeolewa au aliyekwenda kufanya kazi katika nchi za baridi. Picha za theluji anazotuma ni nzuri, na huwadanganya watu. Si kila mtu anaweza nauli ya kwenda huko, lakini simu ya Desemba na Januari, ya saa moja nzima, bila ya haja ya fedha wala habari ya matanga, iko katika uwezo wetu. Naye aliye karibu tusingoje atuite, tubishe hodi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio mbali, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuunga udugu. Amin.