Kazi Yangu na Maji ya Matumbawe

Maisha yangu ya kazi yamepita Unguja, kwenye ufundi wa hita, mashine za kufulia, mabirika ya umeme na pasi za mvuke, na muda wote huo hoja niliyoitetea mbele ya wateja na mafundi wenzangu ni moja: vifaa vingi vinavyokufa mapema mjini kwetu vimeuliwa na maji, wala si kiwanda vilikotoka. Naiandika kwa urefu kwa sababu hasara ya kutoielewa huwaangukia zaidi wenye kipato kidogo. Mtu hununua hita, ikaharibika mapema, akaambiwa ilikuwa feki, akajinyima hadi akanunua nyingine ya bei kubwa, nayo ikaenda njia ileile, maana maji yaliyopita ndani ya zote mbili ni yaleyale.

Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyojengwa na matumbawe. Hatuna mto mkubwa wala ziwa la kutunywesha. Tunategemea mvua inayozama ardhini, kisha tukaipata visimani na kwenye chemchemi, zikiwemo za Bububu, ambako Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji kuyaleta mjini. Mvua hushuka na kaboni dioksaidi kidogo kutoka hewani, huokota nyingine nyingi ikipenya kwenye udongo, na hapo huwa asidi dhaifu inayoyeyusha jiwe polepole. Kalisi ya jiwe hilo husafiri ndani ya maji yanayong'aa yasiyo na doa. Kwa kunywa hayana neno: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Tatizo huanza yanapopata moto. Joto huifukuza ile kaboni dioksaidi, na chokaa, ambayo kinyume cha sukari huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyozidi joto, hujitenga na kuganda palipo na moto mkali kuliko kwingine, yaani juu ya koili.

Ushahidi wangu wa kwanza uko ndani ya vifaa vyenyewe. Ukifungua hita iliyokufa, bomba la kuingizia maji ya baridi mara nyingi ni safi ndani, halina kitu, wakati koili imevaa ukoko mnene na chini ya tangi kumejaa vipande vilivyobanduka. Maji ni hayohayo. Kilichotofautiana ni joto. Kama ubovu ungekuwa wa bati au wa uunganishaji, usingechagua upande wa moto peke yake. Ushahidi wa pili kila mtu anaweza kuupata jikoni. Wengi huamini ule ukoko ni chumvi ya bahari, lakini uutie kwenye maji baridi hauyeyuki, na uukamulie ndimu unatoa mapovu. Mapovu hayo ni kaboni dioksaidi ikitoka kwenye chokaa, na chokaa hiyo kiasili ni ileile ya mawe yaliyojengea Mji Mkongwe. Hata kikombe cha chai husema. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, wa Imperial College London, walieleza katika jarida la Nature kwamba utando unaoelea juu ya chai huhitaji kalisi na bikaboneti zilizomo kwenye maji, na kwamba asidi huuzuia. Ndiyo maana chai ya rangi iliyokamuliwa ndimu hubaki wazi, na isiyokamuliwa ikipoa hushika ngozi.

Jinsi ukoko unavyoua ni jambo linalostahili kueleweka vizuri. Shaba hupitisha joto mara mamia kuliko chokaa. Koili iliyofunikwa huendelea kupokea umeme uleule, lakini joto lake haliwahi kutoka. Chuma cha nje huzidi kupata moto, hutanuka na kusinyaa, mwisho hupasuka. Maji yakiingia ndani ya ufa huo umeme huvuja, swichi ya usalama hujizima, na mwenye nyumba hudhani swichi ndiyo mbovu. Nimewasikia mafundi wakimshauri mteja aiondoe swichi hiyo ili hita ifanye kazi. Ushauri huo unaweza kuua mtu bafuni, na sioni udhuru wowote kwa fundi anayeutoa.

Najua ninavyopingwa. Husemwa kwamba bidhaa za bandia zimejaa sokoni, na ni kweli. Koili nyembamba ya bei rahisi hupasuka mapema kuliko nene. Lakini hilo hubadilisha muda tu. Nene nayo hujenga ukoko, na ikiachwa bila kusafishwa hufika palepale. Husemwa pia kwamba mwuaji ni umeme, na hapa wapinzani wangu wana msingi mzuri. Umeme wetu hutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari, na waliokuwepo wanakumbuka giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme unaopanda na kushuka huharibu kweli, ila huacha alama zake: saketi iliyoungua, kapasita iliyovimba, mota yenye harufu ya waya uliochomeka. Friji na televisheni hufa hivyo. Birika halina saketi ya maana ndani yake, na kifo chake huwa na rangi nyeupe. Fundi anayesoma alama hizi hawezi kumwambia kila mteja anunue stabilaiza.

Tiba si ghali. Weka joto la hita kwenye nyuzi 60, kwa sababu juu ya hapo ukoko hujengeka kwa kasi kubwa. Birika litiwe maji ya ndimu au siki, liachwe hadi mapovu yaishe, lisuuzwe. Pasi itiwe maji ya mvua. Nguo zinazofuliwa kwa sabuni ya mche zitakula sabuni nyingi kabla ya povu kutokea. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya maji magumu hupunguza hasara hiyo. Asidi kali ya madukani siipendekezi: hula chuma pamoja na chokaa, na ikichanganywa na dawa ya kung'arisha nguo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Sumaku zinazofungwa kwenye bomba sijaona ushahidi wa kunitosha kumuuzia mtu. Mitambo ya kulainisha maji, inayobadilisha kalisi kwa sodiamu, inafanya kazi, lakini hula chumvi na kumwaga maji ya chumvi, na kisiwani mahali pa kuyamwaga si jambo dogo.

Liko eneo ambalo hoja yangu ina mpaka. Visima vya karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini ya ardhi na kuyaingilia yale matamu. Hapo kloraidi ya chumvi ya bahari hutoboa tangi lenyewe, na ndimu haisaidii kitu. Kinachosaidia ni fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani ya hita, ambayo huliwa badala ya tangi na hupaswa kubadilishwa kabla haijaisha. Wamiliki wengi hawajui kama ipo. Maradhi ni mawili, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo mwenye nyumba anahitaji kujua ugumu wa maji yake na kloraidi yake kabla hajanunua chochote. Takwimu hizo hupatikana kwa vipimo rahisi. Naomba ziwekwe wazi kwa kila kisima kinacholisha mabomba ya mji, na mwenye duka la hita azibandike ukutani pale anapoandika bei.